Chuma kwenye kaakaa la mtoto

Maongezi kwa mkutano wa wanachama, komuni ya Makiso, Kisangani. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.



Kamati ilinipa dakika ishirini niongee juu ya afya ya watoto waliorudi. Nikakaa na karatasi usiku mzima, nikaona mada hiyo ni pana kuliko mto. Basi nimechagua kona moja tu, kona ndogo kabisa, inayoingia ndani ya kinywa cha mtoto mmoja. Mama yake yupo hapa, safu ya tatu, na amenipa ruhusa kuongea. Jina la mtoto sitalitaja, maana yuko shuleni na huko wamekwisha kumpa majina ya kutosha.

Mtoto huyo ana miaka tisa. Alirudi na mama yake na mdogo wake mwezi wa tatu, kutoka Ubelgiji. Kabla ya safari, munganga wa meno wa kule alikuwa ameanza kumtengeneza taya la juu, kwa sababu lilikuwa jembamba, na meno ya juu upande mmoja yalikuwa yakifunga ndani ya yale ya chini. Akamwekea apareye. Waganga wanaosema Kifaransa wanaiita disjonkteri; kwa Kiswahili tuseme kipanuzi cha kaakaa. Siku chache baadaye tarehe ya ndege ikatoka. Ofisi iliyopanga ile safari ilihesabu mizigo, ikapima kilo za masanduku, lakini hakuna aliyemwambia mtoto afungue kinywa. Mtoto akashuka Kisangani na chuma mdomoni, ufunguo mdogo ndani ya bahasha, na karatasi ya maelezo kurasa mbili.

Nilipofika kwao mara ya kwanza, mtoto alikuwa na siku ya nne anakunywa chai tu. Nguo ya shule ilikuwa imeanza kumlegea. Nilimwuliza kwa nini hali. Akajibu, "Iko nauma, papa, na chakula inabaki mule." Koko yake, aliyekaa mlangoni, akasema wazi kwamba mtoto hafungwi chuma kama mbuzi, na kwamba fundi wa pikipiki wa avenyu ya pili ana koleo nzuri, angeitoa kwa dakika moja. Mama alikuwa amekubali. Walikuwa wanangoja tu fundi arudi kutoka sokoni. Nasema hivi bila kumcheka mtu. Ukiona mtoto wako hali siku nne, koleo linaanza kufanana na dawa.

Sasa nieleze kitu chenyewe, maana wengi wenu mnanitazama kama naongea habari ya ndege za angani.

Pitisheni ulimi juu ya kaakaa lenu, pale katikati. Kuna mstari. Kaakaa la mtoto ni mifupa miwili, kulia na kushoto, na inakutana pale katikati kwenye mshono. Kwa mtoto mshono huo haujakaza. Kwa mtu mzima umekwisha kukaza, ndiyo sababu kazi hii hufanywa mapema. Apareye ina pete za chuma zinazogundishwa kwenye magego ya juu kwa simenti ya meno, na katikati ina skrubu ndogo, visi kama mafundi wetu wanavyosema. Mzazi anaingiza ufunguo kwenye kitundu cha visi, anasukuma kutoka mbele kwenda nyuma. Robo mzunguko moja inafungua kama robo ya milimita tu. Kidogo kidogo, siku kwa siku, mifupa miwili inaachana, na mfupa mpya unaanza kujaa katikati. Si jambo la jana. Mwaka wa 1860 munganga wa meno wa San Francisco, Emerson Angell, aliandika habari za msichana aliyempanua taya hivyo kwa visi, na wenzake wengi hawakumwamini. Kwa hiyo koko wetu ana wenzake waganga wakubwa katika kutoamini.

Lakini sikilizeni pale ambapo watu wengi wanakosea. Visi ikifika mwisho wa kuzungushwa, kazi haijaisha. Mfupa wa katikati bado ni laini, haujakomaa. Apareye lazima ibaki mahali pake miezi kadhaa, bila kuzungushwa tena, ishike pande mbili zisirudiane. Kwa mtoto wetu munganga aliandika miezi sita. Ukiitoa mapema, taya linarudi, na maumivu yote yamekuwa ya bure. Na ukiitoa kwa koleo la pikipiki unaweza kuondoka na jino, au kipande chake, au kumpasua mtoto ufizi. Pete zile hazikuwekwa zitoke kwa nguvu za mkono. Munganga wa meno ana chombo chake cha kuzifungua.

Siku ile zilibaki robo nne za kuzungusha, na mama alikuwa ameacha kwa woga, kwa sababu aliona meno mawili ya mbele yameachana, pengo limeingia katikati. Alidhani ameharibu mtoto. Kumbe pengo lile ndilo alama kwamba mifupa imesogea, na kwa kawaida linajifunga lenyewe polepole. Tulimpigia munganga wa Ubelgiji kwa WhatsApp, tukamtumia picha tano. Chama ndicho kililipa mega. Yule munganga akaangalia, akasema endeleeni, robo moja kila siku, halafu muache.

Basi mama akamlaza mtoto kitandani, kichwa nyuma, mimi nikashika taa ya simu. Tulifunga uzi kwenye ufunguo na kuuzungusha kwenye kidole cha mama, maana ufunguo ule ni mdogo kama pini na mtoto anaweza kuumeza. Mama akasukuma mpaka kitundu kinachofuata kikaonekana chote. Hapo ni muhimu: ukiishia katikati, kesho hutapata pa kuingiza ufunguo. Na wakati wa kuutoa usiuvute mbele, maana utarudisha ulichozungusha. Unaushusha taratibu kuelekea nyuma, chini, ndipo unatoka. Mtoto alisikia mkazo puani na kwenye meno kama dakika tano, machozi yakatoka, ikapita. Siku mbili za mwanzo tulimpa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Baada ya siku nne ufunguo ukaingia ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na uko huko mpaka leo.

Sasa chakula. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko nilivyofundisha.

Karatasi ya Ulaya ilisema mtoto ale yogati, supu ya kusaga kwa mashine, makaroni, viazi vilivyopondwa. Mashine ya kusaga, ninyi mnajua umeme wetu. Yogati, mnajua bei. Mama alikuwa amesoma orodha ile akaona chakula cha mtoto kimebaki ng'ambo. Mimi mwenyewe nikafanya kosa. Nilimwambia ampe uji mwepesi asubuhi, mchana na jioni, na ili mtoto aupende nikasema atie sukari vizuri. Baada ya wiki tatu munganga wa meno wa hapa mjini akaona madoa meupe kama chaki kwenye meno, karibu na pete. Sukari inakaa kando ya chuma, wadudu wa kinywa wanaigeuza asidi, asidi inakula jino. Nimemwomba mama msamaha, na leo naomba mbele yenu pia. Uji ni mzuri, lakini sukari ipunguzwe sana, na baada ya uji maji yapite kinywani.

Aliyetuokoa ni koko. Alichukua makemba, akachemsha, akatwanga kwenye kinu, akafanya lituma laini, akaongeza mafuta ya mawese kidogo na mchuzi wa samaki. Mtoto akala. Akaomba tena. Tunakaa Kisangani, mji ambao chakula chake chenyewe kimekwisha kupondwa tangu zamani, halafu tunaulizana mtoto mwenye apareye atakula nini! Lituma ni laini, haina nyuzi ikitwangwa vizuri, na inashibisha. Tangu siku ile koko ndiye mkuu wa jiko la apareye, na habari ya koleo hajaitaja tena.

Vingine tumevijaribu kimoja kimoja. Wali laini unapita, ila punje zinakimbilia juu ya visi, kwa hiyo maji baada ya kula ni lazima. Fufu inapita ikiwa matonge ni madogo sana na mchuzi ni mwingi. Tonge kubwa linapanda juu na kushika chuma kama udongo kwenye gurudumu. Kwanga ilitushinda. Ni nzito, inanata, tuliitafuta kwenye waya robo saa nzima na mtoto alikuwa analia. Tumeiacha mpaka apareye itoke. Pondu mtoto anaipenda mno, na pondu ina nyuzi. Dawa ni kuitwanga mara mbili na kuipika mpaka iwe kama mafuta, halafu kijiko kidogo. Mwamba wa karanga ukiwa mchuzi mwepesi hauna neno, lakini karanga za kukaanga hapana. Samaki wa maji, ndiyo, mama anamtoa miiba yote kwa mkono. Ndakala hapana, miba yake inachoma chini ya chuma. Mbinzo tulijaribu, wakalowekwa usiku na kupikwa muda mrefu, vikapita, ingawa mtoto alisema havina raha tena bila kuvunjika kwa jino. Avoka, papai, ndizi iliyoiva, yai la kuchemsha lililopondwa, maharagwe yaliyopikwa mpaka yakapasuka, hivyo vyote ni rafiki. Mkate unachovywa kwenye chai.

Miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa ya kuku ya kutafuna, pipi za kunata, shuingamu: hivyo ni vita. Kimoja tu kinaweza kupinda waya au kuondoa simenti ya pete. Na hapa shule inaingia, maana jikoni mama anaona, lakini kwenye mapumziko mtoto yuko na wenzake, na miwa inauzwa mlangoni. Mtoto alianza kuitwa Mdomo-Chuma. Akawa anakubali miwa ili asionekane tofauti. Tulikwenda kuongea na mwalimu, mimi na mama. Mwalimu akamwita mtoto mbele ya darasa, akawaonyesha wote visi na kueleza mifupa miwili, kama somo la sayansi. Tangu siku hiyo wanapanga mstari kutazama. Jina halijaisha, lakini sasa yeye mwenyewe analitumia.

Jambo la wiki mbili za mwanzo: mate yanajaa, maneno yanateleza, "s" inakuwa kama upepo. Usimgombeze mtoto. Ulimi unajifunza njia mpya. Tulimwambia asome kitabu kwa sauti jioni, na ikapita. Ukiona alama za waya juu ya ulimi, nazo si ugonjwa.

Tufike kwenye usafi, ambao ndio mama amekuja kuwaonyesha.

Kati ya chuma na kaakaa kuna nafasi ndogo. Huko ndiko chakula kinajificha. Kikikaa siku mbili, harufu inatoka. Kikikaa zaidi, nyama ya kaakaa inavimba, inakuwa nyekundu, hata inapanda kando ya chuma. Mtoto wetu alifika huko, ndiyo ile "iko nauma" ya siku ya kwanza. Maumivu hayakutoka kwa visi. Yalitoka kwa chakula cha siku nne kilichooza juu ya kaakaa, na mtoto akakataa kula, na kwa kutokula mate yakapungua na kinywa kikazidi kuwa kichafu. Yule ambaye angemwita fundi angekuwa anatibu kitu kingine kabisa.

Tulinunua kwenye famasi bomba la sindano, seringi ya mililita ishirini, bila sindano yenyewe. Bei yake na ya mswaki laini wa mtoto mchanga, vyote viwili, haifiki bei ya kuku mmoja hapa sokoni. Maji ni ya kuchemsha na kupoa, hilo halina mjadala. Ninyi mnaokaa karibu na mto mnajua kipindupindu, na maji ya bombani pia tunayachemsha. Mtoto anainama juu ya beseni, kinywa wazi, kidevu chini. Usimlaze, maji yatamwingia koo. Mama anaweka ncha ya seringi kando, karibu na magego, anasukuma maji yapite chini ya chuma kutoka upande hadi upande. Kwanza kulia, halafu kushoto, halafu kutoka mbele. Mara ya kwanza vilitoka vipande vya pondu ya juzi. Mtoto mwenyewe alishangaa, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka.

Baada ya maji, mswaki. Asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, mchana hata bila dawa. Kwenye magego unainamisha mswaki uingie pale pete inapokutana na ufizi, juu na chini ya pete. Kisha juu ya visi, kisha waya kila mmoja. Mama anamalizia kwa taa ya simu na kioo kidogo. Dakika tano. Kijiti cha mswaki wa mti tunakiheshimu, baba zetu wamekaa nacho na meno yao, lakini nyuzi zake zinakatikia kwenye waya, na mkaa na majivu yanakwaruza. Ufizi ukiuma, nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, mtoto anasukutua na kutema. Shuleni ana chupa yake ya maji yaliyochemshwa. Akila anasukutua, basi.

Kuna siku ambazo hutakiwi kungoja mkutano wetu. Ukiona usaha, ukiona homa pamoja na uvimbe, ukiona pete imelegea upande mmoja na apareye inacheza ukiigusa kwa kidole, mpeleke mtoto kwa munganga wa meno siku hiyo hiyo. Kama pete imelegea, usizungushe visi, usivute, mtoto asile chakula cha kutafuna, asilale chali, maana chuma kikianguka kinaweza kwenda kooni. Munganga tuliyempata hapa mjini alituambia ukweli: yeye hajawahi kuweka apareye kama ile, lakini pete anajua kuzibana, kuzigundisha upya na kuzitoa. Kwa sasa hiyo inatosha, na namheshimu kwa kusema anachojua na asichojua.

Sasa niongee na kamati, na wafadhili wasikie.

Mwezi wa tano nilileta faili ya mtoto huyu kwenye kamati. Mfuko wetu wa wagonjwa unalipa malaria, uzazi, ajali, na matanga. Wakaniuliza, "Meno ni ugonjwa?" Sikukasirika. Likelemba yetu ni ya watu waliorudi na mikono mitupu, na wanaoumwa ni wengi kuliko franka zilizomo. Lakini nilijibu, na leo narudia: huyu mtoto angeweza kutoka kwenye orodha ya meno na kuingia kwenye orodha ya utapiamlo, bila ugonjwa wowote kati. Kilichomzuia ni seringi, mega za WhatsApp, kinu cha koko, na mtu wa kupita nyumbani mara moja kwa wiki. Seringi na mega ndivyo pekee vilivyotugharimu pesa.

Kinachokuja ndicho ghali. Miezi sita inaisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Munganga wa hapa atatoa apareye. Lakini yule wa Ubelgiji amesisitiza kwamba baada ya hapo mtoto avae bamba la kushikilia, lile linalovaliwa na kuvuliwa, ili taya lisirudi. Bamba hilo linatengenezwa kwa kipimo cha kinywa chake, na munganga wa kunyoosha meno tuliyempata kwa simu yuko Kinshasa. Kwa boti ni majuma mtoni, shule itakuwa imeanza. Kwa ndege ni tiketi mbili, mama na mtoto. Nimeandika ombi, liko mezani kwa katibu, ukurasa mmoja. Nimeomba pia, kwa wale wote mnaopanga safari za kurudi watu huko mliko, muongeze swali moja kwenye fomu zenu: je, kuna mtoto aliye katikati ya matibabu? Miwani, masikio, mguu, meno. Hata kungoja majuma manne kabla ya ndege kungebadili habari hii yote.

Kura itapigwa baada ya chai. Kabla ya hapo, mama ameleta beseni, seringi na mswaki, na koko ametuma sufuria ya lituma ili muone ulaini ninaousema. Mama, karibu mbele. Walio nyuma msogee, huku mbele kuna nafasi.